Kung'oa masega na sailensa za Corolla 110: nguvu na mlio vinatoka wapi

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1996, injini 5A, gia za mkono, imetembea kilomita laki mbili na themanini. Naishi Morogoro na kila mwezi naenda Iringa kikazi. Siku hizi ikifika mlima Kitonga inachoka kabisa, nabaki gia ya pili na malori yananisukuma kwa nyuma. Fundi wa hapa anasema tung'oe masega (kile kichujio cha kauri cha kusafisha moshi ndani ya bomba), tutoe sailensa zote mbili, tuweke bomba la inchi mbili na nusu moja kwa moja hadi nyuma. Anasema gari litafunguka na litapata mlio wa Subaru. Fundi mwingine anasema injini ikikosa mgandamizo wa nyuma, yaani moshi kuzuiliwa kidogo bombani, inakufa. Nimsikilize yupi? Mlio naupenda, sitakuficha."

Marahaba mdogo wangu. Mafundi wako wote wawili wameshika kipande cha ukweli, kila mmoja cha kwake, ila ushauri wa yeyote kati yao ukiufuata kama ulivyo utapoteza hela. Wewe una maswali mawili. La kwanza ni kwa nini gari limechoka, la pili ni namna ya kupata mlio unaoupenda. Yamechanganyika kwa sababu yote yanapita kwenye bomba lile lile.

Tuanze na Kitonga. Morogoro mjini mko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Iringa iko juu ya mita 1,500. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. 5A yako ilitoka kiwandani na nguvu za farasi kama 100, kwa hiyo ukikaribia Iringa umebaki na kama 85 hata gari lingekuwa jipya. Hakuna bomba la moshi litakalokurudishia hizo 15. Lakini umeandika "siku hizi", na mlima haujarefuka. Kuna kitu ndani ya gari kimebadilika, na hicho ndicho ninachotaka ukitafute kabla hujamruhusu mtu yeyote awashe mashine ya kuchomelea.

Sasa niamue ugomvi wa mafundi. Moshi hautoki kwenye injini kama maji yanavyotoka bombani. Unatoka kwa mapigo. Injini ya pistoni nne inatoa mapigo mawili kila mzunguko mmoja, kwa hiyo ukiwa kwenye RPM 3,000 (mizunguko kwa dakika) ni mapigo 100 kila sekunde. Kila pigo likipita kwa kasi linaacha nyuma yake sehemu yenye mgandamizo mdogo, na sehemu hiyo inasaidia kuvuta moshi wa pistoni inayofuata. Pamoja na hilo kuna wimbi la mgandamizo linalosafiri ndani ya bomba kwa kasi kubwa kuliko moshi wenyewe. Sauti kwenye hewa ya kawaida inakwenda mita 343 kwa sekunde, lakini ndani ya moshi wa moto inapita mita 500. Wimbi hilo likifika mahali mabomba yanapoungana, linarudi nyuma likiwa mvuto. Likiifikia valvu ya moshi wakati inakaribia kufunga na ya hewa imeanza kufunguka, linavuta hewa mpya iingie ndani. Wanaotengeneza magari ya mashindano hukata mabomba ya heda, yale yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, kwa urefu wa kupigiwa hesabu ili waliwahi wimbi hilo kwenye RPM wanayoitaka.

Kwa hiyo hakuna injini inayopenda mgandamizo wa nyuma. Inachopenda ni moshi uende kwa kasi. Fundi wako wa pili ameona kwa macho yake gari lililowekewa bomba kubwa likalegea chini, akasema limekosa mgandamizo. Alichokiona ni kweli, sababu aliyoitoa ndiyo siyo. Bomba la kiwandani la gari kama lako lina unene wa karibu inchi moja na robo tatu. Ukiweka la inchi mbili na nusu, nafasi ya ndani inaongezeka mara mbili. Moshi ni ule ule, nafasi ni mara mbili, basi kasi inashuka hadi nusu. Moshi unaokwenda polepole unapoa, mapigo yanafifia, na ule mvuto unakufa. Nguvu unayoipoteza ni ya RPM 1,500 hadi 3,000, yaani pale pale unapoihitaji ukiwa Kitonga na lori mbele yako. Ukiipeleka injini RPM 6,000 pengine utaona nafuu ndogo, lakini nani anapanda Kitonga kwa RPM 6,000 kila mwezi?

Hata kazi ikifanywa vizuri kabisa, kwa injini hii ambayo haijaguswa ndani, usitegemee zaidi ya farasi wawili au watatu kutokana na bomba peke yake. Kemu za 5A-FE yako, vyuma vinavyofungua valvu, zimechongwa kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta. Muda ambao valvu za hewa na za moshi zinakuwa wazi kwa pamoja ni mfupi, kwa hiyo lile wimbi halina mlango mkubwa wa kuingilia. Zile hadithi za "gari lilifunguka" nyingi zimetoka kwenye magari ya turbo. Toyota Chaser JZX100 yenye injini ya turbo ya 1JZ-GTE ukiifungulia bomba baada ya turbo, inabadilika kweli kweli, kwa sababu turbo inazungushwa na tofauti ya mgandamizo kati ya upande wa mbele na wa nyuma yake. Habari za gari lile zikihamishiwa kwenye Corolla yako zinakuwa uongo, hata kama anayezisimulia hana nia ya kudanganya.

Sasa kitu ninachokishuku. Gari la umri huo likipoteza nguvu taratibu mlimani, mara nyingi njia ya moshi imeziba. Inawezekana masega yameyeyuka au kujaa masizi. Inawezekana sahani za ndani ya sailensa zimeoza zikaanguka zikaziba tundu. Ukiangalia kwa nje bomba ni zima kabisa.

Kupima ni kazi ya nusu saa. Kwenye manifoldi ya moshi, pale mabomba ya injini yanapokusanyika, au kwenye bomba la mbele kuna sensa ya oksijeni. Injini ikiwa imepoa fundi aifungue sensa hiyo, afunge mahali pake geji ya mgandamizo yenye mpira unaohimili joto, kisha awashe. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, geji isizidi PSI 1.5. Ukikanyaga ukashikilia RPM 2,500, isizidi 3, na bomba likiwa safi mara nyingi haifiki hata 1. Asipokuwa na geji hiyo atumie ya vakyumu (inayopima mvuto wa hewa) kwenye mpira wa manifoldi ya hewa. Injini nzima inasoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki ikiwa pwani, na kwa Morogoro ondoa kama moja na nusu kwa ajili ya mwinuko. Shikilia RPM 2,500 kwa dakika moja na uiangalie sindano. Ikiwa inashuka polepole, moshi unashindwa kutoka na unarundikana ndani. Kuna pia njia ya mkono: gonga masega kwa nyundo ya mpira gari likiwa limepoa. Yakilia kama kokoto ndani ya kopo, yamevunjika.

Nimewahi kupokea gari la mwalimu mmoja, Corolla kama yako, ambalo lilikuwa limebadilishiwa plagi, pampu ya mafuta na hadi klachi, kote huko anatafuta nguvu. Geji ilisoma 9. Tulipokata tulikuta masega yameyeyuka yakawa kipande kimoja kama jiwe la volkano, kimebaki kitundu cha kupita kidole. Alikuwa ameshatumia zaidi ya nauli za muhula mzima, na hakuna aliyewahi kumwambia apime. Jambo lile liliniuma sana, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu namna hii.

Masega hayazibi yenyewe. Udongo wake wa kauri unavumilia joto kali mno, lakini injini ikimisi, petroli ambayo haikuungua inakwenda kuungulia humo ndani na kuuyeyusha. Injini inayokula oili kupitia sili za valvu zilizokauka nayo inayapaka majivu hadi yanaziba. Angalia asubuhi: ukiwasha na moshi wa bluu ukatoka kwa sekunde chache kisha ukaisha, hizo ni sili za valvu. Usipozibadilisha, masega mapya nayo yatakufa. Na kama gari lako liliingia nchini zamani, kuna jambo jingine. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na zikaikamilisha kazi hiyo mwishoni mwa 2005. Gari la 1996 lililotembea hapa kabla ya hapo huenda lilikunywa petroli ile, na risasi inayafunika madini ya masega yasifanye kazi tena. Hayo hayazibi, yanabaki kuwa mapambo tu.

Yakiwa yameziba, fundi wa kwanza atakuwa amegusa ukweli: ukiyatoa, gari litakimbia. Lakini litakimbia kwa sababu umetoa kizuizi, na ukiweka masega mazima litakimbia vile vile. Masega mazima yanakula nguvu kidogo ambayo mguu wako hautaihisi. Mimi siyatoi kwenye gari la mtu bila kuweka mengine, na msimamo huu najua unanikosesha wateja. Kazi yake ni kugeuza kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua na oksaidi za naitrojeni kuwa hewa isiyodhuru haraka. Mtoto anayeuza karanga kwenye foleni ya Msamvu urefu wake ni sawa na mdomo wa bomba lako. Halafu ujue kwamba ndani ya masega kuna platini, paladi na rodi, madini yenye bei kubwa, na wanunuzi wa masega yaliyotumika wapo mjini. Mtu akikwambia atakutolea bure kabisa, muulize masega yenyewe yatabaki kwa nani.

Utasikia pia kwamba ukiyatoa taa ya injini itawaka. Magari mengi ya soko la Japani ya miaka hiyo yana sensa moja tu, mbele ya masega, kwa hiyo kompyuta haijui kama masega yapo au hayapo. Sensa ya pili ilikuja na masharti ya Marekani kwa modeli za 1996 na ya Ulaya mwaka 2001, ndiyo maana magari mapya kuliko lako yanalalamika.

Sensa hiyo ya mbele iheshimu. Ndiyo inayoiambia kompyuta kama petroli ni nyingi au chache kulingana na hewa, na haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi karibu 300. Ukifunga heda ndefu na kuisogeza sensa nyuma zaidi, kama ni ile ya waya mmoja isiyo na hita, inapoa kwenye foleni na kutoa habari za uongo. Vilevile bomba likitoboka mbele ya sensa, au gasketi ya manifoldi ikipasuka, kati ya pigo na pigo hewa ya nje inafyonzwa ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli ni pungufu, inaongeza, na unaanza kulalamikia pampu ya mafuta wakati tatizo ni gasketi ya bei ya soda chache. Dalili yake ni mlio wa tik-tik-tik asubuhi ambao unapotea injini ikishapata moto, kwa sababu chuma kimetanuka kikaziba ufa.

Na tundu lolote chini ya viti ni hatari ya kifo. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Ukisafiri na watoto wamelala nyuma, na bomba limetoboka, na mpira wa buti umechakaa, hutajua kitu mpaka mtu ashindwe kuamka. Hilo tafadhali lirekebishe wiki hii hata kama mengine yote utayaahirisha.

Haya, tuje kwenye mlio, maana umesema unaupenda na mimi sikulaumu. Mlio wa Subaru huwezi kuupata kwenye Corolla kwa bomba la aina yoyote. Injini ya EJ ya Subaru ina pistoni zilizolala zikielekeana, na zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4, kwa hiyo mbili za upande mmoja zinafuatana, kisha mbili za upande wa pili. Manifoldi yake ya zamani ina mabomba ya urefu usiolingana, upande mmoja unasafiri mbali zaidi. Mapigo yanafika sailensa yakiwa yamechelewana, ndipo unasikia ule mdundo wa kuchechemea. Subaru walipoyalinganisha mabomba hayo kwenye Legacy ya turbo ya 2003, mdundo ulipotea, ingawa injini ilikuwa ya aina ile ile. 5A yako imesimama wima, inawaka 1-3-4-2, mapigo yana nafasi sawa na njia zake hazipishani sana. Ukilitolea kila kitu haligeuki Subaru. Linatoa sauti kali ya nyuki aliyefungiwa kwenye debe, na juu ya RPM 4,000 inachosha kuliko unavyodhani.

Ila linaweza kupata mlio mzito na wa heshima. Iache sailensa ya katikati, badilisha ya nyuma tu. Sailensa za kiwandani za nyuma huwa na vyumba vinavyogonganisha sauti mpaka ifutane. Weka ile ya bomba lililonyooka lenye matundu, lililozungushiwa pamba ya kioo. Hiyo inameza sauti nyembamba kali na kuacha ile nene ipite. Chagua ndefu na nene kadiri nafasi inavyoruhusu, maana fupi hupiga kelele tu. Pamba yake nayo huungua na kupeperushwa na moshi kadiri miaka inavyokwenda, hivyo mlio wa mwaka wa tatu hautakuwa ule wa siku ya kwanza. Ile midomo mikubwa ya kung'aa inayouzwa barabarani nunua ukipenda sura yake, haina neno lolote na nguvu.

Jihadhari na mvumo wa sauti ndani ya gari. Corolla hii kwenye gia ya tano kwa kilomita 100 kwa saa iko karibu na RPM 3,000, yaani mapigo 100 kwa sekunde, na masafa hayo huwa yanaamsha mwangwi ndani ya bodi. Saa nne za kwenda Iringa na sauti ile masikioni zitakupa kichwa. Dawa yake ipo: tawi la bomba lililozibwa mwisho, linalochomelewa ubavuni mwa bomba kuu. Urefu wake ni robo ya wimbi. Kama moshi wa pale nyuma una nyuzi 300 hivi, sauti inakwenda kama mita 480 kwa sekunde, basi kwa mapigo 100 tawi liwe mita 1.2. Wimbi linaingia, linagonga mwisho, linarudi likiwa kinyume, linafuta lenzake. Fundi mwenye subira anaweza kulikunja likae juu ya ekseli ya nyuma.

Kuhusu kazi yenyewe, kama utabadilisha bomba zima usivuke inchi mbili. Kona zisipondwe: mashine nyingi za kukunja zinabonyeza bomba likawa bapa, na bomba la inchi mbili lililobonyezwa linapitisha moshi kama la inchi moja na nusu. Pale linapoungana na bomba la mbele Toyota waliweka gasketi ya duara na bolti zenye springi ili injini ikitikisika bomba lisivunjike. Fundi akiona panavuja akapachomelea moja kwa moja, manifoldi itapasuka, ni suala la muda. Raba za kuning'inizia zibadilishwe zote kwa pamoja. Waya wa betri ung'olewe kabla ya kuchomelea, kompyuta ya 1996 hupati nyingine kirahisi. Na ukisikia wenye magari ya pwani wakilalamika kutu usidhani wewe umesalimika, kwa sababu kila lita ya petroli inayoungua inazaa karibu lita moja ya maji. Safari fupi za mjini zinayaacha maji hayo ndani ya sailensa. Kitundu kidogo cha chini kilichotobolewa kiwandani ni cha kuyatoa, fundi asikizibe akidhani ni kutu.

Trafiki naye ana haki ya kukusimamisha kwa kelele, na majirani wa saa kumi na moja alfajiri wana haki zaidi yake.

Kabla hujagusa chochote, chukua simu, mtu aliyekaa pembeni yako arekodi spidomita. Barabara tambarare isiyo na watu, gia ya tatu, kutoka kilomita 40 hadi 80 ukiwa umekanyaga mwisho, mara tatu kwenda na mara tatu kurudi. Andika sekunde. Baada ya kazi rudia pale pale, na mafuta kiasi kile kile. Sikio linadanganya sana kwenye jambo hili; gari lenye kelele linahisi lina kasi hata likiwa limepungua, na nimeshuhudia wateja wakibisha hadi walipoona video yao wenyewe.

Niandikie namba tatu: geji ilisoma ngapi injini ikiunguruma bila kukanyagwa, ilisoma ngapi kwenye RPM 2,500, na sekunde zako za 40 hadi 80. Ikiwa geji iko chini ya 1 kote, tutaliacha bomba lako kama lilivyo, na tutaanza na taiming, kichujio cha hewa na mgandamizo wa pistoni moja moja.